Rutuba Inaondoka Kwenye Gunia, na Hakuna Anayeihesabu

Kila mavuno yanapoanza, soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hurudia ugomvi uleule: lumbesa. Mnunuzi anataka gunia lijazwe mpaka liote kilemba juu, mkulima anajua kilemba hicho ni mahindi anayotoa bure. Sheria ya vipimo iko upande wa mkulima, na tunaomtakia mema tumeyasema haya hadi sauti zimekauka. Lakini kuna mzigo mwingine unaopanda lori pamoja na hayo mahindi, ambao hata mkulima mwenyewe hauweki kwenye hesabu zake. Ni rutuba ya shamba lake.

Tupige hesabu. Punje kavu za mahindi zina nitrojeni ya asilimia 1.5 hivi, na fosforasi ya asilimia 0.3 hivi. Kwa hiyo gunia la kilo 100 limebeba kilo moja na nusu ya nitrojeni na gramu 300 za fosforasi. Lori la tani 30 likiondoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam, limechukua nitrojeni kilo 450 na fosforasi kilo 90. Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni kilo 23, na mfuko kama huo wa DAP, mbolea ya kupandia, una fosforasi kilo 10 hivi. Maana yake lori moja limeondoka na nitrojeni ya karibu mifuko 20 ya urea na fosforasi ya mifuko 9 ya DAP. Hakuna aliyelipia. Bei ya gunia ni bei ya chakula tu, na udongo uliokitoa chakula hicho haumo.

Tunazungumza sana kuhusu mbolea inayoingia shambani: ruzuku, mfumo wa usajili wa wakulima, meli zimefika lini bandarini, mawakala wamefunga maduka au la. Hayo yote ni ya lazima. Kasoro ni kwamba tunaangalia upande mmoja wa daftari. Mwaka 1990 watafiti Stoorvogel na Smaling walifanya hesabu ya pande zote mbili kwa nchi 38 za Afrika kusini mwa Sahara, wakaona kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1980 kila hekta iliyolimwa ilikuwa ikipoteza kwa wastani nitrojeni kilo 22, fosforasi kilo 2.5 na potasiamu kilo 15 kwa mwaka, baada ya kuhesabu kila kilichorudishwa. Hesabu ile ilikosolewa kwa kuchanganya mashamba ya kila aina katika wastani mmoja, na ukosoaji huo una haki. Ila mwelekeo wake, kila mzee anayelima aliyeona ekari ya magunia 15 ikishuka hadi 6 anaujua bila kusoma ripoti.

Kabla ya kuendelea ni vizuri tuzitenganishe nitrojeni na fosforasi, kwa sababu tabia zake ni mbili tofauti na dawa zake ni mbili tofauti. Nitrojeni imejaa hewani, asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni hiyo. Mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani, lakini bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, kunde, karanga na mbaazi wanaweza kuikamata na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ikipotea, kuna njia ya kuivuta tena kutoka juu. Fosforasi haina njia hiyo. Haina umbo la gesi la kuruka angani na kurudi na mvua. Inatoka kwenye mwamba unaomomonyoka polepole mno, halafu inatembea kwa maji, kwa vumbi, au ndani ya mwili wa kiumbe. Shamba likishapoteza fosforasi, lazima mtu, mnyama au mto uirudishe. Vinginevyo unasubiri mwamba, na mwamba hauna haraka.

Serengeti inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda pale ambapo kila anayekula analipa papo hapo. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanakula nyasi, wanaacha kinyesi na mkojo kwenye nyasi zilezile, na mende wa kinyesi wanakizika kinyesi hicho kabla jua halijakikausha. Kila mwaka kati ya Januari na Machi wanashuka kuzaa kwenye mbuga za nyasi fupi za kusini mashariki, ambako majivu ya Ol Doinyo Lengai na milima jirani ya volkano yameujaza udongo kalsiamu na fosforasi, madini anayoyahitaji jike anayenyonyesha. Halafu wanaondoka na madini hayo mifupani. Katika kuvuka Mto Mara, wastani wa nyumbu wapatao 6,200 huzama kila mwaka. Watalii wanaona msiba. Mto unapokea karamu: nyama huisha katika majuma machache kwa mamba, samaki, tai na korongo, na mifupa iliyobaki huendelea kuachia fosforasi majini kwa miaka kadhaa. Viboko nao hula nyasi nchi kavu usiku, kisha mchana kutwa wanakunya ndani ya mto. Kifo na choo vyote vinabaki nyumbani.

Sitaki msomaji adhani nasema turudi porini. Wanadamu wamewahi kuijenga rutuba kwa akili na kwa jasho, tena hapahapa, na mfano ninaoupenda ni kibanja cha Mhaya, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake.

Ukitoka Bukoba kuelekea Muleba unaona vijiji vilivyozama ndani ya migomba mizito, na katikati ya kijiji na kijiji kumetanda rweya, nyika ya nyasi isiyo na rutuba. Mgeni hudhani wazee walichagua kujenga pale palipokuwa na udongo mzuri. Sivyo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo juu ya mwamba wa zamani wa mchanga huosha madini yote na kuyapeleka chini, mbali na mizizi. Udongo wa kibanja ulitengenezwa. Ng'ombe walichungwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku, na asubuhi samadi yao ikapelekwa kwenye mashina ya migomba. Wanawake walikata nyasi rweya, wakazifunga mizigo, wakazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba, mwaka baada ya mwaka. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, makapi ya rubisi (pombe ya ndizi), vigogo vya migomba iliyokatwa, vyote viliachwa humohumo. Hata makaburi ya wazee yamo kibanjani. Chini ya migomba kuna buni, chini ya buni kuna maharage yanayokamata nitrojeni. Vizazi kadhaa vya kazi hiyo vikazaa udongo mweusi ambao ungekaa ukiangalia ungesema umeumbwa hivyo.

Jambo moja husahaulika katika kuusifu utaratibu huu, nalo ndilo linalonifanya niurudie: kibanja hakikuwa kinazalisha rutuba kutoka hewani, ukiacha ile ya maharage. Kilikuwa kinaivuna kutoka rweya. Eneo kubwa lilikuwa likikonda ili eneo dogo linenepe, na ng'ombe pamoja na kichwa cha mama ndivyo vilikuwa vyombo vya usafiri. Sotoka ilipoua ng'ombe katika miaka ya 1890, bibanja vilipoteza chombo kimoja. Siku hizi rweya zimegawiwa, zimepandwa misonobari na mikaratusi, kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja, na mkungu ambao zamani ungeliwa kijijini na maganda yake kurudi shinani sasa unapanda lori au meli kwenda Mwanza. Ndizi ina potasiamu nyingi. Watu wanauliza kwa nini migomba imedhoofika, wanaulaumu mnyauko, wadudu, vijana wavivu. Mnyauko na wadudu wapo kweli. Lakini kitu kinachotoka kila juma bila kurudi hakihitaji ugonjwa ili kiishe.

Sasa tuufuate mzigo hadi mjini, maana huko ndiko mjadala wetu unakopotelea kwenye aibu.

Mahindi yakifika mashine ya kusaga sembe, yanakobolewa. Kiini na pumba, ambavyo vina sehemu kubwa ya fosforasi ya punje, vinaenda kwenye chakula cha ng'ombe na kuku wa mjini. Sembe inaenda kwenye sufuria. Mwili wa mtu mzima hauweki akiba ya nitrojeni. Anachokula leo, karibu chote kinatoka, tena sehemu kubwa kwa mkojo. Kwa vyakula tunavyokula sisi, ni kati ya kilo 2 na 4 za nitrojeni kwa mtu kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliwakuta watu milioni 5.38 mkoani Dar es Salaam. Ukichukua kilo 2 tu kwa kila mmoja, ukikumbuka kwamba wengi ni watoto, unapata zaidi ya tani 10,000 za nitrojeni, sawa na ile iliyomo kwenye mifuko zaidi ya 400,000 ya urea. Kila mwaka. Hayo ni makadirio yangu ya chini.

Inaishia wapi? Kaya nyingi za jiji hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zina choo cha shimo au tangi la chini. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari la kunyonya. Kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, wanaitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni usiku na ndoo, kazi ya hatari inayolipwa vibaya. Na mvua kubwa ikinyesha, wako wanaotapisha vyoo, wakafungulia shimo liende na mafuriko. Rutuba ya Kongwa, Mbozi na Songea inaingia kwenye Mto Msimbazi pamoja na kipindupindu, inaingia kwenye visima vifupi ikiwa naitreti, kisha inaishia baharini. Kitu kilekile ambacho shamba linakililia, mjini kimekuwa sumu, kwa sababu tu kimefika mahali pasipo pake.

Ziwa Victoria linaionyesha hasara hii kwa upande wa pili. Tangu katikati ya karne iliyopita ziwa limepokea nitrojeni na fosforasi kuliko linavyoweza kuzitumia: udongo uliomomonyoka, majitaka ya Kisumu, Mwanza na Kampala, na kiasi kikubwa cha fosforasi kinachoanguka kutoka angani kikiwa vumbi na moshi. Hilo la moshi watu wengi hawalijui. Mkulima anapochoma mabua kuandaa shamba, nitrojeni na salfa vinaondoka na moto, na majivu yaliyobaki yenye fosforasi na potasiamu upepo unayachukua. Sehemu yake inaanguka ziwani. Mwani unastawi, maji yanakuwa ya kijani, mwani ukifa na kuoza kule chini unamaliza oksijeni, na samaki wanakosa pa kuhemea. Magugu maji yaliyolifunika ghuba la Winam na bandari nyingi katika miaka ya 1990 yalikuta meza imeshaandaliwa. Tuliwaleta mbawakavu kuyala, na walisaidia sana. Chakula chake hatukukigusa, ndiyo maana yanarudi rudi mpaka leo.

Njia ya kurudi ipo, nyembamba, na ni ya dagaa. Dagaa wa Mwanza wanakula wadudu na vijidudu vya majini waliolishwa na mwani huo, wanavuliwa, wanaanikwa, na mbali na wale wanaoliwa hapa nchini na Kongo, shehena kubwa inaingia kwenye chakula cha kuku. Kuku wanaacha mbolea, na mbolea ya kuku inanunuliwa kwa gunia na wenye bustani za mchicha na nyanya. Yaani fosforasi iliyotoroka shambani imepandishwa tena nchi kavu na wavuvi wa usiku wenye karabai na taa za sola. Hakuna wizara iliyoupanga mzunguko huo. Umejipanga kwa sababu kila mkono unaoupitia unapata hela, na hapo kuna fundisho kwa wapanga sera kuliko kwenye semina nyingi.

Kubwa kuliko hilo liko Minjingu, mkoani Manyara. Zamani sana Ziwa Manyara lilikuwa pana zaidi, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, walikifanya makazi yao. Walikula samaki ziwani, wakanya na kufa kisiwani, kizazi baada ya kizazi, mpaka kinyesi na mifupa vikawa mwamba. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1956 katika uchunguzi wa kutoka angani wa kutafuta urani, uchimbaji ukaanza 1983, na leo unasagwa na kuuzwa kuwa mbolea ya fosfati. Mkulima wa Babati anayepandia mbolea ya Minjingu anaweka shambani kazi ya ndege waliokufa kabla ya historia kuandikwa. Ni hazina kubwa kuwa nayo, hasa ukijua kwamba karibu asilimia 70 ya akiba ya fosfati inayojulikana duniani iko Moroko, na bei yake hupanda hata pasipo kosa letu, kama tulivyoona 2022 vita vya Ukraine vilipoanza. Lakini nayo ni akiba. Kuchimba Minjingu, kuigeuza mahindi, kuyala mahindi na kuitupa fosforasi baharini ni kula mtaji. Mnandi walihitaji maelfu ya miaka kuuweka.

Upande wa nitrojeni tuna mbaazi, na hapa sera imetuumiza waziwazi. Katika mashamba ya Babati mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi yakivunwa mbaazi zinabaki, zinaendelea kukamata nitrojeni hewani, zinaangusha majani mengi, na mizizi yake mirefu inavuta madini yaliyoshuka kina ambacho mahindi hayafiki. Ni mbolea ya kukuzia isiyoagizwa nje. Ila mkulima alizipanda kwa sababu India ilikuwa ikinunua. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha kuagiza mbaazi, bei ikaporomoka, na watu waliokuwa wakijenga nyumba kwa mbaazi wakaziacha shambani. Aliyezing'oa msimu uliofuata aling'oa na nitrojeni. Uamuzi uliofanywa Delhi ulipunguza rutuba ya Manyara, na serikali yetu iliuona kama tatizo la soko tu.

Ndiyo maana sina furaha kamili na jinsi tunavyopima mafanikio. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kila hekta ipate wastani wa kilo 50 za virutubisho vya mbolea ifikapo 2015. Mwaka ukafika, lengo halikufikiwa. Mei 2024 wakakutana Nairobi, wakaazimia kuongeza mara tatu uzalishaji wa ndani na usambazaji wa mbolea ifikapo 2034, na safari hii afya ya udongo ikaingia kwenye jina la mkutano, hatua ninayoipongeza. Tanzania ilirudisha ruzuku msimu wa 2022/23, Kenya ikashusha bei ya mfuko hadi shilingi 2,500 mwaka 2023. Mkulima aliyepata mfuko wa kupandia na wa kukuzia kwa bei hiyo alipumua, na atakayesema ruzuku ifutwe mimi siko naye. Udongo uliochoka hivi hautainuka kwa samadi peke yake, maana ng'ombe wanaolishwa kwenye udongo uliokonda fosforasi wanakunya samadi iliyokonda fosforasi. Kuna wanaohubiri kilimo hai kana kwamba samadi inaumba madini. Inayahamisha tu, kama ilivyoyahamisha ya rweya, au kama malori yanavyobeba samadi ya maboma ya Wamaasai wa Kajiado kwenda mashamba ya Kenya ya kati.

Ninachodai ni kwamba fedha ya ruzuku ifuate na upande wa kutoka. Tunajua ni mifuko mingapi imeingia Songea; kwa vibali na ushuru wa mazao tunajua pia tani ngapi za mahindi zimetoka. Kuziweka pamoja ni kazi ya alasiri moja kwa mchumi wa halmashauri, na jibu lake lingemwambia afisa ugani ni wilaya gani inakula mtaji. Ruzuku ya mbegu za mbaazi, fiwi na kunde ni rahisi kuliko ya urea, na haihitaji meli. Mkulima akilipwa hata kidogo kwa kutochoma mabua, au akisaidiwa mashine ya kuyakata, udongo utabaki na potasiamu yake, maana sehemu kubwa ya potasiamu ya mhindi iko kwenye bua, wala si kwenye punje.

Lililobaki ni la choo, na sioni sababu ya kulizunguka. Kinyesi kibichi shambani ni hatari. Mayai ya minyoo ya tumbo yanaweza kuishi udongoni zaidi ya mwaka, na majitaka yaliyochanganyika na ya viwandani yana metali nzito zisizotakiwa karibu na mboga. Lakini hatari hizi zina majibu yanayojulikana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2006. Tope la chooni likivundikwa pamoja na taka za soko mpaka joto la ndani likazidi nyuzi 50 kwa siku za kutosha, vimelea hufa. Mkojo uliotengwa na kuhifadhiwa miezi sita kwenye chombo kilichofungwa huwa salama kwa mazao mengi. Mtaa wa Mukuru, Nairobi, umekuwa na vyoo vya kukusanya kinyesi kwa ndoo na kukigeuza mbolea na chakula cha mifugo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na mbolea hiyo inauzwa kwenye mifuko kama nyingine.

Kikwazo cha kweli ni uzito. Mboji ina maji mengi na virutubisho vichache kwa kilo, hivyo kuisafirisha kutoka Dar es Salaam hadi Kongwa ni kupoteza dizeli. Haina haja ya kufika huko. Inatosha ifike Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, kwenye minanasi, mihogo na mboga zinazolisha jiji, na mifuko ya urea ambayo ingekwenda Pwani iende Dodoma. Malori yanayoleta mchicha na mananasi alfajiri yanarudi matupu kabla ya saa tatu asubuhi. Jiji likijenga vituo vya kuvundika karibu na masoko na mabwawa ya majitaka, shirika la viwango likaweka kipimo cha mboji ya mjini, na vyura wakapewa leseni, glovu, pampu na mahali halali pa kumwaga, wakalipwa kwa kila pipa wanalofikisha, basi usafiri wa kurudi tayari upo barabarani.